Apigaye hodi na asubiri karibu



Kwetu mtu haingii nyumba ya mwenzake kimyakimya. Husimama mlangoni, hupiga hodi, hungoja. Akisikia "karibu" huingia. Akipiga mara ya tatu bila kujibiwa, hujua leo hakuna nafasi, huondoka bila kinyongo. Hata mtoto aliyefundwa vizuri analijua hilo. Wala hatumuulizi mgeni kwanza kama amebeba habari njema au mbaya. Aje na harusi au aje na msiba, hodi ni hodi, na mwenye nyumba ndiye mwenye neno la karibu.

Kitabu cha Ufunuo, sura ya 3 na mstari wa 20, kinatuonyesha jambo la ajabu zaidi. Bwana wetu mwenyewe anasimama mlangoni na kubisha, na anaingia kwa yule anayeisikia sauti yake na kumfungulia. Yeye aliyeumba mti uliochongwa mlango, na mkono wa fundi aliyeuchonga, havunji kitasa. Anangoja. Sasa kama Kristo anangoja kukaribishwa, ni nani huyu mfanyabiashara anayejipa haki ya kuingia nyumbani mwako na picha za uchi bila kukuuliza?

Leo nataka tulitafakari swali hilo kwa kuangalia sheria iliyotungwa Marekani enzi za barua na bahasha. Ni ya zamani kidogo, na wengi wetu hatujawahi kuisikia. Lakini ndani yake kuna hekima ambayo mkristo mwenye familia na simu mfukoni anaihitaji leo kuliko walivyoihitaji wale waliotungiwa.

Barua ambazo hakuna aliyeziomba

Kwanza tuelewe mazingira. Kwetu barua huishia kwenye sanduku la posta, na mara nyingi sanduku lenyewe ni la ofisi, la shule au la parokia. Mwenye barua huifuata. Marekani mpeleka barua huzifikisha hadi nyumbani, kwenye kisanduku kilicho mlangoni au kando ya njia. Yeyote wa nyumba hiyo aweza kukifungua: baba, mama, au mtoto anayetoka shule.

Katika miaka ya 1960 visanduku hivyo vilianza kupokea kwa wingi matangazo ya vitabu, picha na filamu za ngono. Aliyetumiwa hakuwa ameagiza kitu. Jina lake lilikuwa limepatikana kwenye orodha, kwani kule orodha za majina na anwani ni bidhaa inayouzwa na kukodishwa kama bidhaa nyingine. Mbaya zaidi, orodha zilizotumika zilikuwa pamoja na za vyama vya vijana. Ndugu yangu, hebu fikiri: mzazi amemwandikisha mwanawe katika chama ili akue katika maadili mema, na jina lile lile linageuka kuwa njia ya kumfikishia uchafu chumbani kwake.

Malalamiko yalimiminika posta. Lakini sheria iliyokuwapo haikutosha. Tangu mwaka 1873 Marekani ilikuwa na sheria inayokataza kutuma mambo machafu kwa njia ya posta, ijulikanayo kwa jina la Anthony Comstock, mtu aliyeipigania. Chini ya sheria hiyo serikali ndiyo iliyoamua kipi kichafu na kipi si kichafu. Iliwahi kwenda mbali hadi kuzuia hata maelezo ya uzazi wa mpango. Kwa upande wa pili, kadiri mahakama zilivyozidi kubana tafsiri ya uchafu, matangazo mengi yaliyomkera mzazi yalipita salama, kwa kuwa kisheria hayakufikia kipimo cha kukatazwa. Serikali ilikuwa na rungu kubwa, lakini mama aliyefungua bahasha mezani kwake hakuwa na hata fimbo.

Sheria iliyomrudishia mwenye nyumba neno lake

Mwaka 1967 Bunge la Marekani lilipitisha kifungu kipya. Badala ya kumuuliza afisa wa posta au hakimu kama tangazo ni chafu, sheria ilimuuliza mwenye nyumba. Ukipokea tangazo la kuuza kitu, na wewe mwenyewe, kwa uamuzi wako peke yako, ukaona linaamsha tamaa ya ngono, unaijulisha posta. Posta haina ruhusa ya kubishana nawe. Inamwandikia mtumaji amri: usimtumie tena mtu huyu kitu chochote, lifute jina lake kwenye orodha zako zote, wala usiiuze wala kuikodisha orodha yenye jina hilo. Amri huanza kufanya kazi siku ya 30 baada ya mtumaji kuipokea. Akikaidi, suala hupelekwa mahakamani, na mahakama ikitoa agizo naye akalipuuza, huadhibiwa kwa kudharau mahakama. Mzazi aliruhusiwa pia kuorodhesha katika amri hiyo majina ya watoto wake wanaoishi naye ambao hawajatimiza miaka 19.

Wafanyabiashara hawakukubali. Wachapishaji, wauzaji kwa njia ya posta na wenye biashara ya orodha za majina walikwenda mahakamani wakidai kwamba uhuru wao wa kusema unavunjwa. Kesi hiyo, ya Rowan dhidi ya Idara ya Posta ya Marekani, ilifika Mahakama ya Juu, na tarehe 4 Mei 1970 majaji wakatoa uamuzi kwa kauli moja. Jaji Mkuu Warren Burger, aliyeuandika, alisimama juu ya kanuni ya kale ya sheria za Kiingereza kwamba nyumba ya mtu ni ngome yake. Haki ya mtumaji ya kuwasiliana, alisema, inakoma kwenye kisanduku cha mtu asiyetaka kupokea.

Mahakama ilikwenda mbali zaidi. Ilikubali kwamba kwa maneno ya sheria hiyo mwenye nyumba aweza kuikataa hata orodha ya bidhaa za duka la vitambaa, na hakuna wa kumhoji. Ikaongeza kwamba hata mawazo yaliyo mema, hakuna mwenye haki ya kumsukumia mtu asiyeyataka. Liweke neno hilo akilini, mpendwa, maana tutalirudia kabla hatujaagana.

Mwaka huo huo wa 1970 Bunge likaongeza sheria ya pili, iliyoanza kutumika Februari 1971. Sasa mwananchi hakuhitaji kusubiri aletewe uchafu ndipo aseme hapana. Aliweza kuandikisha jina lake posta mapema, yeye na watoto wake, katika orodha ya wasiotaka matangazo ya ngono. Watumaji wa matangazo hayo walitakiwa kuipata orodha hiyo kwa malipo, kutomtumia yeyote ambaye jina lake limo humo kwa zaidi ya siku 30, na kuweka alama juu ya bahasha ili anayeishika ajue kilichomo kabla hajafungua. Aliyekiuka kwa makusudi alikabiliwa na faini au kifungo cha hadi miaka mitano, na akirudia, hadi miaka kumi.

Hawakuwa peke yao. Mwaka 1971 Uingereza nayo ilitunga sheria iliyofanya kuwa kosa la jinai kumtumia mtu, bila yeye kuomba, kitabu, jarida au kipeperushi kinachoeleza au kuonyesha namna za kufanya ngono, au hata tangazo tu la machapisho ya aina hiyo.

Ukingo juu ya paa

Wapo watakaosema: makelele yote haya ya nini? Tangazo usilolitaka si unalitupa tu? Safari ya kutoka kisandukuni hadi jalalani ni fupi. Hoja hiyo si ya kijinga, na mahakama za Marekani zenyewe zimeitumia katika kesi nyingine. Mwaka 1983, kwa mfano, Mahakama ya Juu ilifuta katazo la kutuma kwa posta matangazo ya vizuia mimba yasiyoombwa. Ilisema watu wazima wasinyimwe habari na serikali kwa kisingizio cha kuwalinda watoto, na kwamba asiyetaka aweza kugeuza macho na kutupa karatasi.

Lakini tofauti iko wazi. Katika kesi ile ya 1983 serikali ndiyo iliyokuwa imefunga mlango wa kila nyumba, uwe umetaka au hukutaka. Katika sheria ya 1967 mwenye nyumba ndiye aliyefunga mlango wake. Jirani aliyetaka kupokea aliendelea kupokea. Sheria haikumgeuza mtu yeyote kuwa mtakatifu kwa nguvu. Ilichofanya ni kumhamishia mtumaji mzigo. Kabla ya hapo wewe ulikuwa mfagizi wa kila siku wa taka za mwenzako anayepata faida. Baada ya kusema hapana mara moja, kazi ya kuhakikisha takataka haziji ikawa ya mwenye takataka.

Hilo ni jambo la Biblia kabisa. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mwenye kujenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa lake, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Mungu angeweza kuwaambia watu wawe waangalifu tu wanapopanda juu ya paa. Badala yake alimwagiza mwenye paa. Anayejenga kitu kinachoweza kumwangusha mwingine anawajibika kwa anguko hilo, na sheria njema humkumbusha hilo kabla mtu hajaanguka. Naye Bwana Yesu, katika Mathayo 18, alipozungumzia wanaowakosesha wadogo, aliwataja kwa ukali usio wa kawaida. Jiwe la kusagia shingoni si maneno ya mtu anayeona jambo ni dogo.

Hapana inayosemwa kwa sauti

Sasa niongee nawe kwa karibu zaidi. Sheria ile yote, pamoja na posta na mahakama nyuma yake, ilikuwa na ufunguo mmoja tu: mwenye nyumba aseme. Asiposema, hakuna amri. Na kusema hakukuwa kwepesi. Ilimpasa aandike jina lake kwenye fomu ya posta, aambatanishe tangazo lenyewe, na kumkabidhi karani wa dirishani. Fikiria mama mwenye heshima zake, anayejulikana mtaani na kanisani, akisukuma bahasha ile chini ya kioo. Wangapi walishindwa kwa sababu ya aibu, wakachagua kuichoma jikoni na kunyamaza?

Sisi tunaijua aibu hiyo. Leo kisanduku chetu ni simu. Haina mpeleka barua wala haijui saa za kazi. Mtu anaingizwa kwenye kundi la WhatsApp asilolijua na kukuta picha ambazo hakuziomba. Ujumbe unaingia usiku ukiwa na kiungo cha "mapenzi" au video za utupu. Mtoto anayecheza mchezo kwenye simu ya mama yake anakatishwa na tangazo la mwanamke aliye nusu uchi. Na sisi tunafanya nini? Tunafuta haraka, tunaangalia kama kuna aliyeona, tunanyamaza. Tunaogopa tukimweleza mwenza wetu, au mzee wa kanisa, atauliza: "Kwani namba yako waliipata wapi?" Hivyo aliyetendewa anabeba lawama ya mtendaji, na mtendaji anaendelea na biashara.

Wamarekani walipohama kutoka bahasha kwenda barua pepe, sheria iliwafuata. Sheria yao ya mwaka 2003 kuhusu barua pepe za kibiashara ilitaka ujumbe wa ngono uwe na maneno ya onyo kwenye kichwa chake, na picha zisionekane mara tu mtu anapoufungua. Ni bahasha ile ile yenye alama, ila sasa haina karatasi. Nasi Tanzania hatuko mikono mitupu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono kwa njia ya kompyuta, na inagusa pia ujumbe unaotumwa bila kuombwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kumzuia mtu kutumia taarifa zako kukuletea matangazo ya biashara, na imeanzisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kusimamia mambo hayo. Kenya nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inayogusa matumizi ya kibiashara ya taarifa za watu.

Lakini sheria hizi, kama ile ya posta, hulala mpaka aamshwe mlinzi. Nikuulize kwa upendo: umewahi kulalamika popote? Umewahi kutoka kwenye kundi na kusema wazi kwa nini unatoka? Umewahi kukaa na mwanao ukamwambia, "Siku ukiona kitu cha namna hii, niletee mimi, sitakupiga wala sitakuuliza ulikuwa unafanya nini"? Hapana yetu nyingi inabaki moyoni, na hapana ya moyoni mtumaji haisikii.

Na kanisa lina sehemu yake. Kama muumini anayekuja kwa mchungaji au padri kusema ametumiwa picha chafu anatazamwa kwa jicho la kumshuku, hatakuja tena. Kama kijana anayeungama kwamba amenaswa na video hizo anageuzwa mfano wa mahubiri ya Jumapili inayofuata, tutakuwa tumewafundisha vijana wote kunyamaza. Dirisha letu la kupokea malalamiko lisiwe na karani anayecheka.

Nehemia alianza na wanunuzi

Katika Nehemia 13 tunasoma habari inayofanana sana na hii. Wachuuzi waliingiza bidhaa Yerusalemu siku ya sabato. Nehemia aliamuru milango ya mji ifungwe jioni kabla ya sabato kuingia, na akaweka watumishi wake walinde. Wachuuzi hawakukata tamaa. Walilala nje ya ukuta mara moja au mbili, wakingoja. Nehemia akawatolea onyo kwamba wakirudia atawakamata, na tangu hapo hawakuja tena siku ya sabato. Ndiyo kazi ya sheria yenye adhabu: kumfanya anayelala nje ya ukuta aone haina faida kungoja.

Ila angalia vizuri mpangilio wa habari yenyewe. Kabla ya kuwaonya wachuuzi, Nehemia aliwagombeza wakuu wa Yuda. Hao ndio walioiachia biashara ile ndani ya mji wao. Aliona kwamba mchuuzi hafuati ukuta, anafuata mnunuzi.

Hapa ndipo tafakari inapotugeukia, na lazima tuwe wakweli. Matangazo ya ngono hayatumwi kwa sababu watumaji wanapenda kuchukiwa. Hutumwa kwa sababu katika watu wengi wanaochukia, wapo wanaofungua. Na baadhi ya wanaofungua wameketi kanisani asubuhi hii. Yupo baba anayeunga mkono kila adhabu kali dhidi ya wasambazaji, naye ana video hizo kwenye simu yenye namba ya siri. Yupo anayelaani picha zikimfikia mwanawe, naye akaituma moja kwa rafiki zake "kama utani". Huyo rafiki naye alikuwa na nyumba, na hakuulizwa. Mathayo 5:28 haimzungumzii mchapishaji, inamzungumzia mtazamaji na moyo wake.

Jaji mmoja katika kesi ile ya 1970, William Brennan, alikubaliana na wenzake lakini akaandika maneno machache kando. Alisema kwamba, kama alivyouelewa uamuzi ule, unaacha wazi swali kuhusu haki za watoto ambao wamekwisha kukua ndani ya nyumba za wazazi wao. Yeye alikuwa akizungumzia sheria. Mimi naliona hapo swali la malezi. Unaweza kufunga kisanduku kwa niaba ya mtoto wa miaka saba. Kwa kijana wa miaka kumi na nane siku zako za kumfungia zimebaki chache. Atatoka, atakuwa na mlango wake na ufunguo wake, na hapo kitakachomlinda ni kile alichojifunza kukipenda akiwa kwako. Mlango uliofungwa humpa mzazi muda wa kulea. Ukitumika kuwa mahali pa malezi, kijana atatoka akiwa hajui kufunga wa kwake.

Kipimo hicho hicho kwetu

Nilikuomba uliweke neno moja akilini: hata mawazo mema, hakuna mwenye haki ya kumsukumia mtu asiyeyataka. Tunafurahi neno hilo linapomfunga mfanyabiashara wa uchafu. Je, tuko tayari litupime na sisi?

Zipo huduma zinazokusanya namba za watu kwenye mkutano wa injili kwa ajili ya "kuwaombea", kisha namba hizo zinaanza kupokea kila siku ujumbe wa kuomba sadaka, na mwenye namba akiomba atolewe hajibiwi. Zipo orodha za waumini zinazokabidhiwa kwa mfanyabiashara rafiki wa kiongozi. Wapo wanaoelekeza spika dirishani kwa jirani mgonjwa usiku kucha, na akiomba wapunguze sauti wanamwita mpinga Kristo. Sisemi kwamba Injili ni sawa na picha chafu, hasha. Nasema mlango wa jirani ni mlango. Bwana aliwaagiza wanafunzi wake, katika Mathayo 10, kwamba nyumba isiyowapokea waiache na kukung'uta mavumbi ya miguu yao. Hakuwaambia wavunje dirisha. Injili inayohubiriwa na watu wanaoheshimu hapana ya mwingine inasikika vizuri zaidi. Nasi tutakuwa na uso wa kusimama mbele ya wabunge wetu na kudai sheria zitulinde, kama majina ya waumini katika madaftari yetu yanalindwa.

Nyumba iliyofagiwa

Basi tuzitake sheria hizi, tuzijue, tuzitumie. Zikiwa legevu, tuwaambie wawakilishi wetu. Si kazi ya kidunia isiyomhusu mcha Mungu. Ni ule ukingo juu ya paa, ni milango ya Yerusalemu jioni ya Ijumaa.

Lakini tusiishie hapo. Katika Mathayo 12 Bwana Yesu anasimulia habari ya pepo mchafu aliyemtoka mtu, akazunguka bila kupata pumziko, kisha akarudi. Aliikuta nyumba imefagiwa na kupambwa, lakini ni tupu, akaenda kuchukua wengine saba waovu kuliko yeye. Kosa la mwenye nyumba ile halikuwa kufagia. Kosa lilikuwa kuiacha tupu. Sheria yaweza kufagia kisanduku chako cha barua na simu yako. Haiwezi kukaa sebuleni mwako. Nyumba ambayo baba na mama hawazungumzi, ambayo mtoto anamwuliza mtandao maswali ya mwili wake kwa kuwa nyumbani hakuna wa kumjibu, ni nyumba tupu hata kama ina kufuli saba.

Wiki hii nakuomba ufanye mambo mawili tu. Sema hapana moja kwa sauti: toka kwenye kundi moja, zuia namba moja, peleka lalamiko moja, na usione haya. Kisha sema karibu moja: kaa na mwanao, au mwenza wako, zima simu, uliza anaendeleaje, usikilize mpaka amalize. Na yule Mgeni mwingine anayesimama nje kwa utaratibu, asiyesukuma mlango, anayengoja sauti yako, mfungulie naye aketi mezani.

Bwana azilinde nyumba zetu, kutoka kwetu na kuingia kwetu. Amina. Nakutakia Jumapili njema.